Mfungwa anaporudi nyumbani: afya yake ni afya ya mtaa mzima



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, usafi wa vyoo na maji ya kunywa. Leo tunaingia mahali ambapo wengi wetu hatupendi hata kupataja. Nako ni gerezani.

Huenda ukajiuliza, gereza na afya ya nyumba yangu vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Gereza halikukatwa na jamii. Kila siku wapo wanaoingia na wapo wanaotoka. Mahabusu hupelekwa mahakamani na kurudishwa. Askari humaliza zamu akaenda kulala kwa mkewe na watoto wake. Na aliyemaliza kifungo hupanda basi akarudi kijijini kwao. Akirudi na kikohozi, kikohozi kile kitalala chumba kimoja na watoto wako. Akirudi na upele, mkeka wa familia utapata upele. Basi mwenye kujali afya ya nyumba yake hawezi kusema kuwa habari za gereza hazimhusu.

Tuchukue mfano wa Guta, kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, wilayani Bunda. Mtu wa Guta huishi kwa ziwa, shamba na mifugo. Upande mmoja yapo maji yenye sheria za nyavu na ukubwa wa samaki. Upande wa pili, mwendo usio mrefu, ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenye sheria zake za wanyamapori. Wavuvi wa ukanda huu bado wanaukumbuka mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilipochomwa moto, watu wakatozwa faini na wengine wakafikishwa mahakamani. Ukiongeza kesi za wizi wa mifugo na ugomvi wa mashamba, si ajabu katika mkoa wa Mara kukuta familia yenye mtu aliyewahi kulala gereza la Musoma, Kiabakari, Tarime au Mugumu, au aliyepelekwa mbali zaidi, Butimba, Mwanza. Tofauti ni kwamba wengine husema, na wengine husema kuwa ndugu yao "yuko safarini".

Kwa nini maradhi hupenda gereza

Sababu ya kwanza ni msongamano. Kwa miaka mingi nafasi rasmi katika magereza ya Tanzania Bara zilikuwa chache kuliko watu waliowekwa humo. Katika miaka ya 2000 idadi ya waliokuwamo ilizidi 40,000. Maana yake ni nini? Mahali palipojengwa kwa watu watatu walilala wanne au zaidi, begi kwa bega, wakipumuliana usiku kucha milango ikiwa imefungwa. Tangu wakati huo idadi imekuwa ikipungua na kupanda, lakini somo la kiafya ni lile lile: hewa ikiwa haba na watu wakiwa wengi, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote.

Ugonjwa unaonufaika zaidi na hali hiyo ni kifua kikuu, yaani TB. Vijidudu vyake husafiri kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapozungumza. Haviambukizi kwa kikombe, sahani wala kupeana mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa TB magerezani ni mara kumi hivi ya ilivyo kwa watu walio nje. Na usidhani kuwa ni ugonjwa wa wadhaifu tu. Nelson Mandela alipatwa na TB akiwa mfungwa mwaka 1988 huko Afrika Kusini. Aligundulika mapema, akatibiwa hospitali, akapona, na baada ya hapo akatoka gerezani mwaka 1990 na kuwa rais wa nchi mwaka 1994. TB inatibika. Inayoua ni ile iliyofichwa na ile ambayo dawa zake zimekatishwa.

Pili ni magonjwa ya ngozi: upele, mashilingi na majipu. Haya huletwa na kulala wengi pamoja, kuchangia mashuka, na uhaba wa sabuni. Watu huyadharau, lakini ngozi iliyokunwa usiku kucha huweza kuoza na kuingiza vijidudu ndani ya damu.

Tatu ni magonjwa ya tumbo. Choo kimoja kikihudumia watu wengi na maji yakawa haba, kuhara hakukosi.

Nne ni VVU. Wako wanaoingia gerezani wakiwa tayari na maambukizi na hawajui. Wako wanaojua, nao wanahitaji dawa kila siku bila kukosa.

Tano, na hili huwa hatulisemi, ni maradhi ya moyo na akili. Mtu hukosa usingizi, huogopa, hujilaumu, hukata tamaa. Mahabusu asiyejua kesi yake itasikilizwa lini huweza kuteseka kuliko hata mwenye kifungo anayehesabu siku.

Si jambo geni katika Uislamu

Ndugu msomaji, wako wanaodhani kuwa habari za haki ya mfungwa zimeletwa juzi na mashirika ya Ulaya. Sivyo. Katika Suratul Insaan, aya ya 8, Allah (s.w.) anawataja waja wema kwa sifa ya kulisha chakula makundi matatu: maskini, yatima na mfungwa. Angalia mfungwa alivyowekwa pamoja na yatima. Nabii Yusuf (a.s.) mwenyewe alikaa gerezani kwa kosa asilolitenda, na kisa chake tunakisoma kwa watoto wetu.

Wanazuoni nao hawakuishia kwenye mawaidha. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu kuhusu fedha za dola, kiitwacho Kitab al-Kharaj. Humo aliagiza wafungwa wapewe chakula na nguo za kiangazi na za baridi kutoka hazina ya Waislamu, wasiachwe kutolewa nje na minyororo yao kwenda kuomba. Na anayefia gerezani bila jamaa, aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na kuzikwa kwa gharama ya hazina.

Mwanzoni mwa karne ya 10 Miladia, huko Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia mkuu wa madaktari, Sinan bin Thabit. Alimweleza kuwa wafungwa, kwa wingi wao na ugumu wa mahali walipo, lazima wapatwe na maradhi, na wala hawana uwezo wa kwenda kumtafuta tabibu. Akaagiza madaktari waingie magerezani kila siku, wakiwa na dawa na vinywaji vya wagonjwa, na wazungukie magereza yote. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waziri yule aliuelewa msongamano kama chanzo cha maradhi kabla hajatokea mtu wa kuviona vijidudu kwa darubini.

Naye Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amepita Damascus mwaka 1326. Miongoni mwa waqfu alizozikuta huko, ilikuwapo ya kuwakomboa waliofungwa. Yaani watu walitoa mali zao, zikasimama peke yake, zikazalisha, na mapato yake yakatumika kuwatoa watu kifungoni, mwaka hata mwaka.

Huko Uingereza, jambo hili lilishughulikiwa kwa nguvu katika karne ya 18. John Howard aliteuliwa mwaka 1773 kusimamia gereza la jimbo la Bedford. Alikuta watu walioshinda kesi bado wamefungwa kwa kushindwa kulipa ada za askari jela. Alikuta pia homa iliyoitwa "homa ya jela" ikiua watu wengi kuliko kitanzi. Mwaka 1774 Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya kuwaachia wenye kushinda kesi bila ada, na nyingine ya kusafisha magereza, kupaka kuta chokaa, kuingiza hewa, na kutenga vyumba vya wagonjwa na mahali pa kuogea. Howard aliendelea kuzunguka katika nchi mbalimbali hadi alipofariki kwa homa mwaka 1790.

Homa ile ya jela huletwa na nini? Jibu lilipatikana mwaka 1909 huko Tunis. Daktari Charles Nicolle aligundua kuwa mgonjwa akivuliwa nguo zake chafu na kuogeshwa mlangoni mwa hospitali, hawaambukizi tena wenziwe. Akabaini kuwa anayebeba ugonjwa ni chawa wa nguoni. Basi tazama, maradhi yaliyokuwa yakimaliza magereza mazima yalizuiwa kwa maji, sabuni na nguo safi. Unapopeleka kipande cha sabuni gerezani, usione kuwa umetoa kitu kidogo.

Wanaofanya kazi hii leo

Mfano wa karibu na sisi kwa udugu ni Oman. Mwaka 2012 Chama cha Wanasheria wa nchi hiyo kilianzisha mpango uitwao Fak Kurba, maana yake kumwondolea mtu dhiki. Kazi yake ni kuwalipia wale waliofungwa kwa sababu ya madeni na mambo kama hayo, si wahalifu wa kuumiza watu. Wananchi huchanga, wengi wao fedha kidogo kidogo, na kila mwaka hasa kuelekea Ramadhani na Idi, watu hurejea kwa familia zao. Saudi Arabia nayo ina kamati iitwayo Tarahum, inayowaangalia wafungwa, walioachiwa, na familia zao. Zingatia hilo la tatu: familia zao. Mke na watoto hawakuhukumiwa, lakini njaa yao huanza siku ile ile baba anapochukuliwa.

Kwa majirani zetu Uganda, kijana wa Kiingereza, Alexander McLean, alikwenda mwaka 2004 kujitolea katika hospitali ya Mulago. Huko alikutana na wafungwa wagonjwa waliokuwa wakifa bila mtu wa kuwaangalia. Akaanza kwa kukarabati chumba cha wagonjwa katika gereza la Luzira. Kutokana na kazi hiyo mwaka 2007 likazaliwa shirika ambalo sasa linaitwa Justice Defenders, linalofanya kazi Uganda na Kenya, likiwasomesha wafungwa na askari magereza sheria ili wawasaidie wenzao. Mmoja wa waliosoma ni Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Kesi iliyobeba jina lake iliifanya Mahakama ya Juu ya Uganda, mwaka 2009, kufuta hukumu ya kifo ya lazima. Yeye mwenyewe aliachiwa mwaka 2016.

Kenya, Kituo Cha Sheria kimewafundisha wafungwa wa Shimo la Tewa, Mombasa, kuwa wasaidizi wa kisheria humo humo ndani. Na yupo Teresa Njoroge, aliyekuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka 2011 aliingia gereza la wanawake la Lang'ata akiwa na mtoto mchanga. Baadaye rufaa yake ilikubaliwa. Alipotoka hakukimbia kusahau, bali alianzisha taasisi ya Clean Start, inayowashika mkono wanawake na vijana wanaotoka gerezani ili wasimame tena.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na imeweka njia ya msaada huo kuwafikia walio mahabusu na magerezani. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayowezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu kwa kufanya kazi za jamii badala ya kulala gerezani. Wengi hawazijui, na kwa kutozijua, mtu ambaye angesaidika hubaki ndani.

Aidha, Desemba 9, 2019 Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Aprili 26, 2021 Rais Samia akatoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Msamaha ni rehema. Lakini jiulize, watu elfu tano wanapotoka kwa pamoja, ni nyumba ngapi zilikuwa tayari kuwapokea? Ni wangapi walitoka katikati ya dozi?

Ukienda kumtembelea

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda, uliza kwanza gerezani siku na saa za kutembelea, na vitu vinavyoruhusiwa. Kila gereza lina utaratibu wake, na mahabusu huwa na ruhusa tofauti na aliyekwisha kuhukumiwa. Usiende kwa ubishi, wala usijaribu kupenyeza kitu. Utakayemtia matatani ni yule yule uliyekwenda kumfariji.

Kwa kawaida vitu vyenye manufaa ya afya ni hivi: sabuni ya kuogea na ya kufulia, mswaki na dawa ya meno, kandambili, nguo za ndani, taulo, mafuta ya kupaka, ndoo yenye mfuniko, na kwa wanawake pedi au vitambaa safi. Pedi usione haya kuzitaja. Mwanamke aliye gerezani hedhi yake haikusimama, na kwa Muislamu ni suala la twahara na ibada pia. Kama mama ana mtoto mdogo ndani, mkumbuke mtoto kwa nguo na sabuni.

Dawa usimpe mkononi. Zipeleke kwa maofisa ili zifike kwa mganga wa gereza, pamoja na cheti au kadi ya kliniki. Kama ndugu yako alikuwa akitumia dawa za TB, VVU, kisukari, presha au kifafa kabla ya kukamatwa, hiyo ndiyo habari ya kwanza kuwaambia askari, hata kabla ya kutafuta wakili. Kukosa dawa siku chache tu huweza kuleta madhara makubwa.

Na ukiwa naye, muulize: Unakohoa? Unapata usingizi? Umepungua? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina la Mandela, zinasema mfungwa anastahili kiwango kile kile cha matibabu kinachopatikana kwa raia walio nje. Kwa hiyo kumwombea apimwe si kutafuta upendeleo.

Siku ya kutoka na wiki za mwanzo

Huu ndio wakati wa hatari kuliko unavyodhani. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 kuliko ya watu wengine wa kule. Huko sababu kubwa ilikuwa dawa za kulevya. Kwetu hali ni tofauti, lakini jambo la msingi ni hilo hilo: mlango wa gereza ukifunguliwa, mtu hujikuta hana dawa, hana chakula, hana pa kulala na hana wa kumuuliza. Basi fanyeni yafuatayo.

Kwanza, mwendeeni. Asitoke peke yake. Kutoka Musoma hadi Guta ni safari, na mtu asiye na nauli huishia stendi, ambako wapo wa kumpokea kwa mabaya.

Pili, kabla hajaondoka gerezani aombe karatasi zake za matibabu. Kama yuko kwenye dawa za TB au ARV, aombe barua ya uhamisho kwenda kituo cha afya kilicho karibu na kwao, na dawa za siku za njiani. Tiba ya kawaida ya TB ni miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne kwa pamoja, na minne inayofuata kwa dawa mbili. Mgonjwa hujisikia nafuu mapema, akadhani amepona, akaacha. Hapo ndipo vijidudu huzaliwa upya vikiwa sugu, na tiba ya TB sugu ni ndefu na nzito zaidi. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida ya dawa hizo, asiogope.

Tatu, hata kama hana karatasi, mpelekeni akapimwe. Dalili za TB ni kikohozi kisichoisha, homa za jioni, kutoka jasho usiku hadi shuka kulowa, kupungua uzito, na pengine makohozi yenye damu. Kwa aliyetoka gerezani, kikohozi chochote ni cha kupimwa, msisubiri wiki mbili. Hadi majibu yapatikane, alale chumba chenye dirisha lililo wazi na afunike mdomo anapokohoa. Akianza dawa sahihi na kuzitumia vizuri, baada ya wiki mbili hivi kwa kawaida uambukizaji huwa umeshuka sana. Watoto wa chini ya miaka mitano walio naye nyumbani nao wapelekwe, kwani ipo dawa ya kuwakinga.

Nne, ngozi. Aoge vizuri kwa maji na sabuni, abadilishe nguo zote. Zile alizotoka nazo zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kama ana upele, dawa ya kupaka ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, na kila anayelala nyumba hiyo apakwe siku hiyo hiyo hata kama hajikuni. Wengi hukosea hapa. Hutibiwa mmoja, wenziwe wanamrudishia. Muwasho huweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kufa, msidhani dawa imeshindwa.

Tano, chakula. Msimshindilie nyama na mafuta siku ya kwanza kwa furaha. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji, mboga za majani, maharage, dagaa na samaki ambao ziwa letu halijatunyima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Sita, kwa wanandoa. Ni busara na ni amana mume na mke kwenda kupima VVU pamoja kabla ya kurejeana. Mnaweza kumwomba mhudumu wa afya azungumze nanyi faragha. Kupima si kutuhumiana, wala anayebaki nyumbani hana sababu ya kuona amedharauliwa. Na atakayekutwa na maambukizi, dawa zipo bure, na akizitumia vizuri huishi maisha marefu.

Saba, usingizi na moyo. Huenda akashtuka usiku, akakaa kimya, akakasirika kwa jambo dogo, akaogopa mlango uliofungwa. Msimhoji. Asilazimishwe kusimulia. Mpeni kazi ndogo ndogo, apate nafasi ya kutoka nje, aswali na wenziwe. Akisema maneno ya kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa, na una tiba kama malaria.

Msikiti unaweza kufanya nini?

Si lazima kuanza na shirika lenye ofisi na gari. Watu watano waaminifu wa msikiti mmoja wanatosha, wanaume na wanawake, na daftari moja la mapato na matumizi. Mambo manne yanawezekana hata Guta.

La kwanza ni sabuni ya kila mwezi. Kila nyumba itoe mche mmoja wa sabuni, na kamati ipeleke kwa mkuu wa gereza kwa ajili ya wafungwa wote, Waislamu na wasio Waislamu. Upele hauulizi dini.

La pili ni faini. Wako waliohukumiwa faini au kifungo, nao wako ndani kwa sababu tu fedha haikupatikana. Waulizeni maofisa na mahakama ni nani wenye makosa madogo ya aina hiyo. Waulizeni pia masheikh wenu kuhusu fungu la wenye madeni katika zaka, kwani limetajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Lakini jihadharini na matapeli. Faini ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kupewa risiti. Mtu akikwambia umpe mkononi "akamalizane nao", huyo anakuibia.

La tatu ni familia iliyobaki. Mtoto aende shule, avae sare, na bibi mgonjwa apelekwe kliniki. Hili halihitaji kibali cha gereza lolote.

La nne ni kazi. Aliyetoka akikosa kazi atarudi kwenye kilichompeleka. Mvuvi asaidiwe kupata nafasi kwenye mtumbwi wenye leseni na nyavu halali. Aliyejifunza useremala au ushonaji gerezani apewe kazi ya kwanza, hata ya kukarabati mlango wa madrasa. Singapore walianzisha mwaka 2004 mpango wa utepe wa njano, kuishawishi jamii impe nafasi ya pili aliyetoka kifungoni. Walitambua kuwa kuna jela mbili: ile ya kuta, na ile ya macho ya majirani.

"Lakini si alikosa?"

Tunalijua swali hili, na ni la haki. Aliyeibiwa ng'ombe wake katika mkoa huu anajua uchungu wake, na mkulima mwaminifu anayekosa sabuni anaweza kuuliza kwa nini mwizi apelekewe. Jibu ni kwamba adhabu aliyoitoa hakimu ni kunyimwa uhuru kwa muda. Hakimu hakumhukumu TB. Hakumhukumu mkewe njaa, wala mwanawe kuambukizwa. Na kumsaidia mkosaji hakufuti haki ya aliyekosewa. Kamati yenu ikiweza, imwendee na huyo pia, imsikilize, na inapowezekana isimamie suluhu na malipo. Aliyetoka akiwa mzima wa mwili na akili ndiye anayeweza kufanya kazi na kurudisha alichokula. Mgonjwa aliyekata tamaa hawezi kumlipa mtu.

Isitoshe, karibu wote walio ndani watatoka. Swali lililo mbele yetu si kama watarudi Guta, Bunda, Butiama na Musoma. Watarudi. Swali ni watarudi katika hali gani, na watamkuta nani mlangoni.

Basi wiki hii, ndugu msomaji, anza na moja tu. Kama una ndugu aliye ndani, uliza siku ya kutembelea na umpelekee sabuni. Kama yupo jirani aliyetoka hivi karibuni na anakohoa, mshike mkono kwa upole mwende pamoja zahanati. Na kama huna hata mmoja, fikisha suala hili kwa imamu wako baada ya swala ya Ijumaa.

Allah atupe afya, na awape faraja wote walio katika dhiki. Wabillahi tawfiq.